Mbu Si wa Malaria Peke Yake
Somo kwa vikundi: homa ya manjano na ndugu zake



Swali la somo hili tulipewa na kikundi kimoja cha akina mama hapa Pioneer, mwisho wa mkutano wao wa merry-go-round. Mama mmoja aliuliza hivi: "Dada yangu ameolewa huko chini Kerio. Mtoto wake alipofikisha miezi 9 alidungwa sindano ya surua na nyingine ya homa ya manjano. Wangu wa hapa Eldoret alidungwa ya surua tu. Je, kliniki yetu imetunyima kitu?" Wengine walicheka, lakini swali lenyewe si la kucheka. Tena linawahusu wengi wetu, maana ni nyumba chache hapa Pioneer zisizo na shangazi, nyanya au shamba upande ule wa bonde.

Kliniki haikumnyima kitu. Lakini ili tuelewe kwa nini watoto wawili wa tumbo moja la ukoo wanapata chanjo tofauti, ni lazima tujue haya magonjwa yanatoka wapi na yanasafiri namna gani. Someni polepole katika kikundi, mtu mmoja asome kwa sauti na wengine wamkatize wakitaka.

Tofauti na malaria

Kwa watu wa kwetu, ukitaja mbu umetaja malaria. Ni kweli malaria ndiyo inayoua wengi zaidi. Lakini malaria inaletwa na vijidudu ambavyo dawa inaweza kuviua. Kuna magonjwa mengine ya mbu yanayoletwa na virusi, na hayo hayana dawa ya kuua virusi vyenyewe. Daktari anamtunza mgonjwa, anamwongezea maji, anamshusha homa, na mwili wenyewe unapigana. Baadhi yana chanjo, mengi bado.

Ukiyataja majina yake utaona ni kama kusoma ramani ya Afrika Mashariki. Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa mwaka 1931 kwa kondoo wa shamba moja karibu na Naivasha. Virusi vya West Nile vilipatikana 1937 kaskazini mwa Uganda, katika wilaya ya jina hilo. Zika ni msitu ulio karibu na Entebbe, na virusi vyake vilipatikana 1947 kwa tumbili aliyewekwa humo na watafiti. Chikungunya ni neno la Kimakonde la mtu aliyejikunja kwa maumivu ya viungo. Ugonjwa huo ulielezwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 katika nyanda za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. O'nyong-nyong ni neno la Waacholi la kuvunjika viungo. Hata homa ya dengi ina jina lake la zamani kwa Kiswahili, kidingapopo, na wako wataalamu wanaosema kwamba jina "dengue" lilitokana na neno hilo la pwani yetu.

Wengine husikia orodha hiyo na kusema, ati haya magonjwa tumetengenezewa. Sisi hatukubali. Majina ni mengi hapa kwa sababu mbili. Misitu na wanyama wetu ni wa zamani sana, na virusi vimeishi humo na mbu na kima kabla babu zetu hawajafika. Halafu kulikuwa na watu waliokuwa wakitafuta: mwaka 1936 kituo cha utafiti wa homa ya manjano kilifunguliwa Entebbe. Anayetafuta ndiye anayeona, na anayeona ndiye anayetoa jina.

Yaliyotokea Kerio

Kuanzia katikati ya Septemba 1992 hadi Machi 1993, watu katika sehemu ya kusini ya Bonde la Kerio, upande wa Elgeyo Marakwet na upande wa Baringo, waliugua homa kali. Wengine macho yaligeuka manjano, wengine walitapika damu. Ulikuwa mlipuko wa kwanza wa homa ya manjano kuandikwa katika historia ya Kenya. Zaidi ya watu 50 walihesabiwa kuwa wagonjwa, na wako waliofariki. Hao ni wale waliofika hospitali au kuonekana na wachunguzi. Katika bonde lile lenye njia mbaya miaka ile, ni nani angeweza kuhesabu wote?

Angalieni hizo tarehe. Mgonjwa wa kwanza Septemba, na wachunguzi wa mbu walikuwa kazini Februari na Machi. Miezi mitano ilipita. Hatusemi hivyo kumlaumu mtu. Homa ilionekana kama homa nyingine zote, na macho ya manjano yana sababu nyingi. Watu wetu huita "homa ya manjano" ugonjwa wowote wa ini unaobadilisha rangi ya macho, hata ule unaotokana na maji machafu. Jina moja limebeba magonjwa mengi, na hapo ndipo ule wenyewe ulipopata pa kujificha.

Wachunguzi walikamata mbu, wakawapima. Virusi vilipatikana katika mbu wa msituni, wa aina ambayo kwa kitaalamu huitwa Aedes africanus, na pia katika aina nyingine ya jamii hiyo ambayo hapo awali haikujulikana sana. Maambukizo yalitokea hasa katika misitu na vichaka vya miteremko, kati ya mita 1,300 na 1,800 juu ya bahari. Wale wanaolijua bonde watatambua hapo ndipo watu wanapolisha mbuzi, wanapokata kuni, wanapotundika mizinga. Tumbili na nyani walikuwepo tele.

Sasa shikeni jambo hili, maana ndilo shina la somo. Wachunguzi waliona kwamba kila mgonjwa alipata ugonjwa kutoka msituni. Hakupata kutoka kwa mgonjwa mwenzake. Virusi vilikuwa vinazunguka kati ya mbu na kima, na mtu aliyeingia katikati yao aliumwa. Mbu wale wanaozaliana ndani ya mapipa na mitungi ya nyumbani hawakuonekana katika eneo la ugonjwa. Lakini katika miji iliyo nje ya eneo hilo, mbu hao walikuwa wengi.

Basi fikirini mgonjwa mmoja apande gari kutoka bondeni, afike mjini akiwa na virusi ndani ya damu, alale katika ploti yenye mapipa wazi. Mbu wa pipa amuume yeye, kisha jirani, kisha mtoto wa jirani. Hapo ugonjwa hauhitaji tena kima wala msitu. Unakuwa ugonjwa wa mji. Jambo hilo halikutokea 1993, na chanjo ilipelekwa kwa watu wengi ili lisitokee. Wachunguzi walimaliza kwa kusema kwamba Bonde la Kerio pengine hupitiwa na ugonjwa huu mara kwa mara, ukihama na kima kutoka pahali hadi pahali, na kwamba huenda watu waliugua zamani bila yeyote kuandika.

Kima na ndizi

Virusi hutokaje juu ya miti mpaka vikafika kwa mkulima? Jibu zuri tunalolijua lilipatikana Bwamba, magharibi ya Uganda, katika miaka ya 1940. Watafiti, mmoja wao akiitwa Alexander Haddow, walijenga majukwaa juu ya miti mirefu, wakaketi huko usiku na mchana wakihesabu mbu wanaouma. Waliona kwamba Aedes africanus anauma sana kule juu, jua linapozama, wakati kima wanapanda kulala. Hivyo kima wanaambukizana.

Asubuhi kima wanashuka. Wanakwenda wapi? Wanakwenda kuiba ndizi. Na katika shamba la migomba kuna mbu mwingine, anayezaliana katika maji kidogo yanayobaki pale jani linaposhikana na shina. Mbu huyo anamuuma kima mwizi. Siku kadhaa baadaye anamuuma mwenye shamba aliyekuja kukata mkungu. Virusi vimeshuka ngazi tatu, toka kilele cha mti hadi mgomba, toka mgomba hadi mtu, na hakuna aliyeona kitu.

Tunawaeleza hivi kwa sababu kila tunaposafisha msitu na kuingiza shamba ndani yake, tunajenga ngazi kama hiyo. Hatuwaambii watu waache kulima. Lakini shamba jipya pembeni ya msitu wenye kima linahitaji mkulima aliyechanjwa.

Tumjibu mama wa Pioneer

Baada ya mlipuko wa Kerio, serikali iliingiza chanjo ya homa ya manjano katika ratiba ya watoto wa miezi 9 kwa maeneo yaliyoonekana kuwa na hatari. Kwa miaka mingi maeneo hayo yamekuwa Baringo, Elgeyo Marakwet, Pokot Magharibi na Turkana. Uasin Gishu haikuwekwa humo. Ndiyo sababu mtoto wa dada alidungwa na wako hakudungwa.

Lakini mipaka ya kaunti imechorwa na watu, na mbu hana kitambulisho. Mtoto wa Pioneer anayepelekwa kwa nyanya yake Desemba yote anaishi Kerio kwa mwezi mmoja kila mwaka. Mama anayeshuka msimu wa maembe kununua mzigo wa kuuza mjini anashinda huko chini ya miti. Kijana anayekwenda kurina asali, vivyo hivyo. Kwa maoni yetu hao wote wanafaa kuulizia chanjo, hata kama vitabu vya kliniki vinasema wao ni wa Eldoret. Na msidhani ni habari ya zamani: Machi 2022 Wizara ya Afya ilitangaza homa ya manjano katika Kaunti ya Isiolo, ambayo haikuwa miongoni mwa zile nne, na kuna watu waliofariki.

Chanjo hii ni ya aina bora kabisa tuliyo nayo. Sindano moja inatosha maisha yote. Shirika la Afya Duniani lilisema hivyo mwaka 2013, na sheria ya kurudia kila baada ya miaka 10 iliondolewa Julai 2016. Inahitaji siku 10 hivi kabla haijaanza kumlinda mtu, kwa hiyo usiitafute asubuhi ya safari. Watoto wachanga hawapewi. Mama mjamzito, mzee aliyepita miaka 60, na mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua, hao waseme na daktari kwanza. Kadi yako itunze pamoja na kitambulisho, usiiache ndani ya Biblia ukasahau ni Biblia gani.

Lamu: ugonjwa uliokuja na ukame

Tumezoea kusema mbu huja na mvua. Lamu ilitufundisha vingine. Katikati ya mwaka 2004, kisiwa kile kilikuwa na ukame. Visima vilipungua, na watu wakafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: waliweka akiba ya maji nyumbani, katika mitungi, mapipa na matangi. Mbu anayeitwa Aedes aegypti anapenda maji kama hayo, yaliyo safi, yaliyotulia, yaliyo kivulini karibu na watu. Joto likawafanya wakue haraka.

Chikungunya ikalipuka. Watu waliinama kama wazee, hawakuweza kufunga kifungo cha shati. Waliopima damu za wakaaji baadaye walikuta kwamba karibu robo tatu ya watu wa Lamu walikuwa wameambukizwa. Ugonjwa huu hauui wengi, lakini maumivu ya viungo yanaweza kukaa wiki, na kwa wengine miezi. Mvuvi asiyeweza kuvuta kamba miezi mitatu, nyumba yake inakula nini?

Mwisho wa mwaka huo ulikuwa umefika Mombasa. Mwaka 2005 ulikuwa Komoro, halafu kisiwa cha Réunion, ambako kati ya 2005 na 2006 karibu theluthi moja ya wakaaji waliugua. Huko virusi vilibadilika kidogo vikafaa zaidi kwa aina nyingine ya mbu. Mwaka 2006 ulikuwa India, ukagusa watu zaidi ya milioni moja. Mwaka 2007 ukafika Italia, ukaletwa na msafiri mmoja, na mbu wa huko wakaupokea. Mbu mwenyewe haruki mbali, mara nyingi hapiti mita mia chache kutoka pale alipozaliwa. Aliyevuka bahari ni mtu, akiwa na virusi katika damu yake.

Tusisahau pia o'nyong-nyong. Ilianza kaskazini mwa Uganda mwaka 1959, ikapita Kenya, Tanganyika na mbali zaidi, na inakadiriwa watu milioni 2 waliugua. Hiyo inabebwa na mbu wale wale wa malaria. Huenda mko na wazee katika kikundi wanaoukumbuka mwaka ule ambapo kijiji kizima kililala. Waulizeni.

Na baridi yetu je?

Hapa mtu atasema, sisi tuko juu, mita 2,100 hivi, usiku tunalala na blanketi mbili, hayo ni ya Mombasa na Kerio. Kuna ukweli mkubwa hapo, na ni vizuri kuelewa kwa nini.

Mbu akinyonya damu yenye virusi, hawezi kuambukiza papo hapo. Virusi vinahitaji siku za kukua tumboni mwake na kusafiri hadi kwenye mate yake. Ni kama mursik. Ukiweka maziwa ndani ya kibuyu leo, huwezi kunywa mursik jioni. Na kibuyu kikikaa pahali pa baridi, siku zinaongezeka. Penye joto virusi vinaweza kuwa tayari kwa siku 10 au chini ya hapo. Penye baridi zinahitajika nyingi zaidi, na mbu mwenyewe haishi sana. Mara nyingi hufa kabla virusi havijaiva. Hiyo ndiyo kinga yetu ya Eldoret. Hatukuijenga, tumepewa na mwinuko.

Lakini kinga hiyo hubadilika na hali ya hewa. Miaka yenye joto zaidi inapunguza zile siku. Tena ndani ya nyumba ya mabati iliyosongamana, karibu na jiko, joto si lile la nje. Hatusemi Pioneer ni Lamu. Tunasema ile tofauti inapungua, na mtu anayepanda basi la usiku kutoka Mombasa anafika hapa asubuhi na damu ile ile aliyoondoka nayo.

Wenye mifugo

Kwa wale wenye ng'ombe na kondoo upande wa Kapseret na Ngeria, maneno machache. Mbu wa homa ya Bonde la Ufa hutaga mayai katika udongo wa mabonde yanayotwama, na mayai mengine yana virusi tayari ndani yake. Yanakaa makavu kwa miaka, yakingoja. Mvua kubwa ya El Niño ikija, yanaanguliwa kwa pamoja. Ndivyo ilivyokuwa 1997 na 1998 upande wa Garissa, na tena 2006 na 2007, ambapo Kenya ilipoteza watu zaidi ya 150. Dalili ya kwanza iko zizini: mimba nyingi zinatoka kwa wakati mmoja, na ndama na wanakondoo wanakufa. Hapo usimguse mnyama kwa mikono mitupu, usimchinje ili kuokoa nyama, chemsha maziwa, na mwite daktari wa mifugo. Watu wengi huambukizwa kwa damu ya mnyama, si kwa mbu. Chanjo ya mifugo inatolewa kabla ya mvua. Ugonjwa ukishaingia, sindano moja ikipita kutoka mnyama hadi mnyama inaweza kuueneza.

Kazi ya kikundi

Tumeona vikundi vikingoja serikali ije kupuliza dawa. Dawa ya kupuliza inaua mbu wanaoruka siku hiyo. Viluwiluwi ndani ya pipa vinabaki, na baada ya siku chache mko palepale. Kazi inayofaa zaidi haina gharama, ila inachosha kwa sababu inarudiwa kila wiki.

Mbu huyu wa nyumbani hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai yanashika kama gundi na yanaweza kukaa makavu miezi mingi. Kwa hiyo ukimwaga maji tu na kujaza mengine, umeyanywesha. Ni lazima usugue ndani ya chombo kwa brashi au kigunzi cha mahindi, umwage, ndipo ujaze. Kwa nini kila wiki? Kwa sababu kutoka yai hadi mbu anayeruka ni wiki moja hivi penye joto. Ukisugua kila Jumamosi unamkata kabla hajaota mabawa. Chombo usichoweza kumwaga, kama tangi kubwa, kifunikwe kwa wavu au kitambaa kilichobana.

Sasa tembeeni katika ploti zenu mkiwa na macho mapya. Pipa la nyuma ambalo ni la wapangaji wote, kwa hiyo si la mtu. Tairi kuukuu lililowekwa juu ya mabati yasiruke na upepo. Gata iliyoziba majani. Karai la fundi na pipa la maji ya ujenzi pale nyumba iliposimama kwa kukosa pesa. Sahani chini ya maua. Na tukiwa wakweli, vyombo vya maua pale kwenye groto ya kanisa pia, ambavyo hubadilishwa maua lakini si maji. Kikundi kimoja kilichofanya ukaguzi kama huu kilikuta viluwiluwi vingi zaidi katika pipa la mwenyekiti. Walimtoza faini ya sabuni mbili, akalipa.

Chandarua tuendelee kukitumia, maana malaria ipo. Lakini jueni kwamba mbu wa dengi na chikungunya anauma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya giza. Chandarua kinamsaidia mtoto anayelala mchana na mgonjwa aliye kitandani. Mgonjwa wa homa alale ndani ya chandarua hata mchana, ili mbu wasichukue virusi kwake.

Mtu akiugua

Homa ikianza, apimwe malaria kabla ya kumeza dawa. Tunajua ni rahisi kupita kwa kemisti na kununua dozi. Lakini kipimo kikionyesha hakuna malaria na bado unapewa dawa za malaria, simama uulize: basi ni nini? Na umwambie daktari ulikuwa wapi wiki mbili zilizopita. Useme wazi: nilikuwa Kerio nikinunua maembe, nilikuwa Mombasa kwa matanga, nilichinja kondoo mgonjwa. Daktari hawezi kuona safari yako kwa kukutazama, na neno hilo moja linaweza kumfanya atume damu kwenye maabara inayofaa.

Kwa maumivu tumieni paracetamol tu. Aspirini, Brufen na diclofenac ziepukwe mpaka ijulikane ni homa gani, maana kwa dengi na homa ya manjano zinaweza kuongeza kutoka damu. Mgonjwa anywe maji, uji, supu, kidogo kidogo mara nyingi.

Homa ya manjano ina ujanja wake. Huanza siku 3 hadi 6 baada ya kuumwa: homa, kichwa, mgongo, kutapika. Wengi hupona baada ya siku tatu au nne. Lakini kwa wachache, homa inashuka, mgonjwa anaomba chai, watu wanashukuru, halafu ndani ya siku moja inarudi kwa nguvu, macho yanageuka manjano, damu inatoka puani au katika matapishi. Kati ya wanaofika hatua hiyo, karibu nusu hufa. Kwa hiyo mgonjwa aliyepata nafuu ya ghafla, aliyetoka Kerio, msimwache peke yake siku mbili zinazofuata. Dalili hizo zikionekana, ni hospitali kubwa mara moja, usiku au mchana, na mhudumu wa afya wa jamii aarifiwe. Kikundi chenye mfuko wa dharura kiamue mapema kwamba pesa za gari zinaweza kutoka bila kungoja mkutano.

Maswali ya kujadili

1. Katika kikundi chetu, ni nani aliyeshuka Kerio, Baringo au Pokot mwaka huu, na alikwenda kufanya kazi gani? Ni wangapi kati yao wana kadi ya chanjo?

2. Wazee wetu wanakumbuka nini kuhusu homa ya bondeni ya 1992 na 1993? Watu waliiita jina gani kabla haijajulikana?

3. Pipa la ploti ambalo si la mtu, litasuguliwa na nani Jumamosi hii? Andikeni jina katika kitabu cha kikundi.

4. Mweka hazina anaweza kutoa pesa za gari saa nane za usiku? Simu yake inapatikana saa hiyo?